Shaba Ilisafirishwa, Santuri Zikapotea: Kwa Nini Tuisikilize Upya Roki ya Zambia

Kila baada ya muda, magazeti ya Ulaya na Marekani huchapisha orodha za albamu za roki na pop zilizosahaulika ambazo zinastahili kusikilizwa upya. Majina yanayojirudia humo yanafahamika. Yumo Nick Drake wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 26, santuri zake zikiwa zimenunuliwa na watu wachache mno. Wamo Big Star wa Memphis. Yumo Rodriguez wa Detroit, ambaye albamu yake ya mwaka 1970, Cold Fact, haikuvuma kwao lakini ilipendwa sana Afrika Kusini, na mwenyewe hakujua hilo kwa miaka mingi.

Sina ugomvi na orodha hizo. Nimewasikiliza wote hao na nimefaidika. Ugomvi wangu ni juu ya maana ya neno lenyewe, kusahaulika. Santuri za Nick Drake zilipokosa wanunuzi, kanda zake za asili zilibaki katika ghala la kampuni, mikataba yake ikabaki katika kabati la wakili, na jina lake likabaki katika kumbukumbu za redio. Soko lilimpuuza, lakini taasisi zilimhifadhi, na siku soko lilipogeuka kila kitu kilikuwepo kikimsubiri. Kwetu sisi kusahaulika ni jambo la aina nyingine. Kampuni hufungwa, ghala hugeuzwa matumizi, kanda hurekodiwa juu yake kitu kingine, na mwanamuziki huzikwa bila hata mstari mmoja gazetini. Kwa hiyo, anayetaka kuzungumzia albamu zilizosahaulika katika sehemu yetu ya dunia hana budi kuzungumzia pia bei ya shaba, reli, sera za utamaduni na bajeti za hifadhi ya nyaraka. Huu ni mjadala wa siasa kama mingine yote ambayo nimekuwa nikiileta hapa, ila safari hii una gitaa ndani yake.

Albamu ninazotaka kuzizungumzia ni tatu. Mbili ni za Zambia, zote za mwaka 1975: Lazy Bones!! ya bendi ya WITCH, na Africa ya bendi ya Amanaz. Ya tatu ni ya hapa kwetu Dar es Salaam: Ave Africa ya Sunburst, ya mwaka 1976. Nimewauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu kama wamewahi kuzisikia. Katika darasa la watu zaidi ya mia moja, mkono mmoja ulinyooka, na kijana huyo alikuwa amelikuta jina la WITCH kwenye mtandao, katika ukurasa wa shabiki wa Kijerumani.

Tuanze na Zambia. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, shaba iliipatia nchi hiyo zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya mauzo ya nje. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Miji ya Ukanda wa Shaba, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, ilikuwa na vijana wenye mishahara, umeme majumbani, kumbi za starehe za wachimbaji, na redio zilizokamata matangazo kutoka mbali. Vijana hao waliwasikia Jimi Hendrix na Rolling Stones kwa wakati uleule walipowasikiliza wajomba zao wakipiga kalindula vijijini. Kutokana na kuchanganyika huko kulizaliwa muziki ambao leo dunia inauita Zamrock.

Kulikuwa na mchango wa serikali pia, na hapa ndipo mwanasiasa na mtumishi wa umma wanapopaswa kutega sikio. Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa na kuimba mbele ya umati, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki utakaopigwa redioni uwe wa Wazambia. Agizo halikusema muziki huo uwe wa namna gani. Lilisema tu uwe wa Mzambia. Vijana wa Kitwe wakalipokea kwa tafsiri yao: walipiga roki, wakaitungia mashairi kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na redio haikuwa na hoja ya kuwakatalia. Sera iliyokusudiwa kujenga ukuta ikajikuta imefungua mlango.

Dar es Salaam tulifuata njia nyingine. Mwezi Novemba 1969, muziki wa soul ulipigwa marufuku jijini kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na hauendani na utamaduni wa taifa. Serikali hizi mbili zilikuwa rafiki mno, zikiongozwa na watu waliokuwa wakiitana ndugu, na zote mbili zilikuwa na hofu ileile ya kumezwa na Magharibi. Moja ilimwambia kijana, "piga, mradi uwe wewe mwenyewe." Nyingine ilimwambia kijana ni nani yeye mwenyewe. Simaanishi kwamba sera yetu haikuzaa kitu. Muziki wa dansi ulipata kulelewa na mashirika ya umma, jeshi na jumuiya ya wafanyakazi, na Radio Tanzania ilirekodi hazina ambayo hadi leo hatujaimaliza kuihesabu. Lakini kijana wa Dar es Salaam aliyetaka kuunguza spika kwa gitaa alijua kwamba hakuna shirika litakalomnunulia ala.

Hata hivyo Sunburst walikuwepo. Kundi hilo lilianza jijini Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 70, likiongozwa na mpiga gitaa mwenye asili ya Kongo, Hembi Flory Kongo, pamoja na mwimbaji James Mpungo. Mtindo wao waliuita Kitoto. Jina hilo ni la unyenyekevu wa bandia, kwa maana muziki wenyewe ni wa watu wazima: besi nzito inayotembea kama mtu asiye na haraka, gitaa linalokwaruza, kinanda, na juu yake sauti inayoimba Kiswahili na Kiingereza bila kuomba radhi kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Miongoni mwa nyimbo zao wamo "Enzi za Utumwani" na "Simba Anguruma". Ukisoma majina hayo tu unaona kwamba vijana hawa hawakuwa wakiikimbia historia yao. Walikuwa wakiihubiri, ila kwa spika kubwa zaidi.

WITCH ni wakali kuliko wao. Jina lao ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayotangaza kusudio la kuleta vurugu. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, alijulikana kwa jina la Jagari, ambalo ni jina la Mick Jagger lililopitishwa katika kinywa cha Kiafrika likatoka na irabu mwishoni. Walianza na albamu iliyoitwa Introduction, inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kutoka kwa bendi ya Zambia. Lakini Lazy Bones!! ndiyo inayonivutia zaidi. Humo magitaa mawili yanajibizana kama majirani wanaogombania mpaka wa shamba. Ngoma zinakatika pale usipotegemea. Na sauti ya Jagari haipigi kelele hata kidogo, inasimama katikati ya fujo kwa utulivu wa mtu aliyezoea kazi za kelele. Ukikumbuka kwamba nyumbani kwake ni mji wa migodi, utulivu huo unaeleweka.

Africa ya Amanaz ni albamu ya huzuni. Mimi huisikiliza usiku, nikiwa nimemaliza kusahihisha mitihani. Haina haraka. Gitaa lenye mkwaruzo linakuja kwa mbali kama ngurumo ya mvua isiyofika, na waimbaji wanaimba kama watu wanaozungumza barazani. Kuna wimbo humo unaoitwa "Kale", na Mswahili hahitaji kamusi kuelewa, kwa maana neno hilo la Kinyanja ni lilelile letu, la zamani za kale. Kuna mwingine unaoitwa "Khala My Friend". Khala hiyo ni ndugu wa kaa yetu. Wagiriama wa pwani ya Kenya hadi leo husema kukala. Kaa, rafiki yangu. Nilipolitambua hilo kwa mara ya kwanza nilihisi kwamba albamu hii haikutoka ng'ambo. Ilitoka chumba cha pili cha nyumba yetu wenyewe, chumba ambacho mlango wake tulikuwa hatujaugusa.

Na kweli ni nyumba moja. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ili shaba ya Zambia ipate njia ya bahari isiyopita katika nchi za makaburu na walowezi. Mwezi Januari 1973 mpaka wa Rhodesia ulikuwa umefungwa, na haja ya reli ikawa ya kufa na kupona. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa miongoni mwa vijana wa Mbeya walioajiriwa kama mafundi wa reli hiyo. Alikaa miaka kadhaa upande wa Zambia, katika karakana ya Mpika. Aliporudi likizo alikuja na sukari, sabuni, vitenge, na santuri. Nilizaliwa baada ya enzi hiyo, lakini nilizikuta santuri hizo nyumbani kwake katika miaka ya 90, zimepangwa wima ndani ya boksi la mbao ambalo awali lilibeba vipuri. Ilikuwemo ya WITCH. Ilikuwemo pia ya Paul Ngozi, ambayo mjomba aliipiga siku za Jumapili baada ya ibada, kwa sauti iliyomfanya shangazi afunge madirisha.

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache, mwanachama mtiifu wa chama, mzee wa kanisa. Sikuweza kuunganisha utu huo na gitaa lile lililokuwa likilia kama msumeno. Siku moja nilimwuliza anapenda nini katika muziki wa wahuni. Alinijibu kwamba wahuni hawajui kufunga nati, na waliopiga muziki ule walikuwa watu wanaojua kazi yao. Fundi humtambua fundi. Sijapata kusoma uhakiki wa muziki uliofupishwa vizuri kuliko huo.

Alifariki mwaka 1998. Mirathi iligawanywa kwa haki: shamba, baiskeli, cherehani, mabati. Hakuna aliyezitaja santuri, kwa maana gramafoni ilikuwa imekufa miaka mitatu kabla yake. Watoto wa mtaani walizirusha uwanjani kama visahani, na zilizosalia zilitumika kufunikia mitungi ya maji. Simlaumu mtu. Familia iliyopungukiwa haiwezi kufanya kazi ya taasisi ya taifa. Ninachosema ni kwamba kila santuri iliyofunikia mtungi ilikuwa nakala ya kitu ambacho hakuna ofisi yoyote, Lusaka wala Dar es Salaam, iliyokuwa na uhakika wa kukihifadhi.

Kwa upande wa Zambia, anguko lilikuwa limeanza mapema zaidi. Bei ya shaba katika soko la dunia iliporomoka vibaya mwaka 1975, mwaka uleule wa Lazy Bones!! na Africa. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu 1973. Vita vya Angola vilifunga njia ya reli ya Benguela. Fedha za kigeni zilipokauka, nyuzi za gitaa na vipuri vya vikuza sauti vikawa anasa. Kanda za kunakili kienyeji zikaua mauzo ya santuri, na disko likawapunguzia bendi kumbi. Kisha likaja janga la UKIMWI, ambalo liliwachukua wanamuziki wengi wa kizazi hicho wakiwa bado na nguvu zao. Jagari aliacha jukwaa, akafundisha, na baadaye akaingia katika uchimbaji mdogo wa vito. Wenzake wa kikosi kile cha awali walikufa mmoja baada ya mwingine. Kwetu, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na kwa kuwa santuri zetu zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi, mpaka huo ulifunga pia njia ya muziki.

Kufufuka kwake kulitoka mbali. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walianza kuzisaka nakala za asili, wakazinunua kwa mamia na hata maelfu ya dola. Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ikazitoa upya WITCH na Amanaz. Kampuni ya Strut ya London ikakusanya rekodi za Sunburst mwaka 2016. Jagari akapanda tena jukwaani, safari hii Ulaya, na mwaka 2023 WITCH mpya ikatoa albamu inayoitwa Zango. Mwaka 2024 msanii wa Marekani, Tyler, the Creator, alitumia kipande cha wimbo wa Ngozi Family katika wimbo wake "Noid", na vijana wetu wakaucheza wimbo huo bila kujua kwamba sauti iliyomo ndani yake ilitoka nchi jirani, mwaka 1977.

Ni kosa kuwatukana wakusanyaji hao. Waliofanya kazi hiyo kwa uadilifu waliwatafuta wanamuziki walio hai, wakatia saini mikataba nao, wakaandika historia zao. Bila wao, nisingekuwa na cha kuandika leo. Lakini tutazame njia iliyopitiwa. Shaba ilitoka Kitwe kwa reli hadi bandari yetu, ikaenda kuwa nyaya na mitambo ya wengine. Muziki uliozaliwa na mishahara ya shaba hiyo ulitoka pia, kwa begi la mnunuzi. Niliinunua nakala yangu ya Lazy Bones!! kutoka Marekani, nikalipa gharama ya usafirishaji iliyozidi bei ya santuri yenyewe, na nikailipia ushuru kama bidhaa ya kigeni. Karani aliyeifungua aliniuliza ni muziki wa wapi. Nilimwambia, wa Zambia. Akaitazama mihuri, akaandika kwamba nchi ya asili ni Marekani. Kwa mujibu wa taratibu, alikuwa sahihi. Huo ndio uchumi wa malighafi, na nadharia ambazo huwafundisha wanafunzi wangu kwa wiki nne zilikuwa zimeandikwa pale kwa mstari mmoja wa kalamu.

Mwenzangu mmoja katika kitivo, mtu ninayemheshimu, hunipinga. Husema kwamba roki ni uigaji, kwamba tuna ngoma, taarabu na dansi za kuokoa kabla ya kuhangaikia vijana waliotaka kuwa Hendrix. Hoja yake si nyepesi. Lakini dansi yenyewe ilitoka wapi? Katika miaka ya 30, kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za muziki wa Kuba katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, na babu zetu wa Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam wakazisikiliza hadi wakazigeuza kuwa mali yao. Taarabu ina udi na fidla za Misri. Hatujawahi kumwuliza Mwafrika aliyepiga rumba kama ana kibali. Kwa nini aliyepiga roki aonyeshe pasi ya kusafiria? Utamaduni hupimwa kwa kile ambacho watu hufanya na walichokipokea, na walichokifanya vijana wa Kitwe na wa Dar es Salaam kilikuwa na saini yao. Anayesikiliza Africa na kudhani ni Waingereza, ana tatizo la masikio.

Lipo jambo zito zaidi ya ladha. Tunapowaambia wanafunzi kwamba miaka ya 70 ilikuwa miaka ya kaulimbiu, foleni na makala za Azimio tu, tunawanyima nusu ya ukweli. Vijana wa wakati ule walikuwa na tamaa, vichekesho, hasira na mashaka, na mara nyingi waliyaweka mahali ambapo mkaguzi hakupatazama: katika wimbo. Mwanahistoria anayetumia hotuba za viongozi peke yake ataandika historia ya viongozi. Mwanaharakati asiyejua kwamba waliomtangulia waliwahi kuimba juu ya ukoloni kwa gitaa la umeme atadhani yeye ndiye wa kwanza kupaza sauti, naye atayarudia hata makosa yao.

Basi nini kifanyike? Sipendekezi tume wala kongamano. Napendekeza mambo matatu yanayowezekana ndani ya bajeti tulizonazo. Kwanza, maktaba za vyuo vikuu vyetu zipokee na kuorodhesha santuri na kanda za watu binafsi, kama zinavyopokea vitabu vya marehemu maprofesa. Boksi moja la mbao lililoorodheshwa lina thamani kuliko makusanyo kumi yaliyopotea. Pili, wanafunzi wa historia, sosholojia na fasihi wanaotafuta mada za tasnifu wawahoji wanamuziki, mafundi wa studio na watangazaji waliosalia. Wengi wao wamevuka miaka sabini. Kila muhula tunaoahirisha una majina ya waliokufa ndani yake. Tatu, maofisa wanaosimamia hakimiliki na hifadhi za redio ya taifa waanze na swali dogo: kanda ipi iko wapi, na haki zake ni za nani? Kampuni ya kigeni inapobisha hodi na mkataba, nchi isiyojua ilichonacho haiwezi kujadiliana, husaini tu.

Na wewe, ndugu msomaji, una sehemu yako isiyohitaji waraka wa serikali. Nenda kwa mzee wa ukoo wako aliyefanya kazi reli, bandari, mgodini au jeshini. Mwulize alisikiliza nini alipokuwa na miaka ishirini, na kama bado anacho. Kisha kaa, usikilize hadi upande wa pili wa santuri.